Kiwanja cha Katikati

Miaka thelathini na miwili niliinyoosha Mwanza.
Nyakato, Buswelu, mpaka migongoni mwa Igoma,
nilipita na kamba, vigingi, theodolaiti,
nikaacha nyuma yangu mistari.
Aliyelalamika nilimjibu: bikoni haina mjomba.

Sasa niko Bugando, chumba cha macho.
Daktari, binti mdogo, ananipa karatasi ya mirabaraba.
Hii naijua, nasema moyoni.
"Ziba jicho la kulia. Tazama nukta. Mistari ikoje?"
Mistari imelewa.
Inapinda kama vichochoro vya kupanda Mabatini,
na pale kwenye nukta
hakuna kiwanja. Pamefutwa.
"Ni umri, mzee. Kitovu cha jicho kinachakaa."

Nikashuka hadi Kamanga, kivukoni,
nikaziba tena la kulia, nihakikishe.
Maji nikayaona. Ndege nikawaona wakitua hewani.
Jiwe la Bismarck halikuwepo.
Nyumbani nikamziba hivyo hivyo Nyangeta:
akabaki kilemba na hereni mbili.
"Unakonyeza nani uzeeni?" akauliza.

Mashauri, mtoto wa dada, akaja na tai na begi,
picha za kabla na picha za baada.
Chupa tatu, laki mbili na sabini.
"Mjomba, miezi miwili tu utasoma gazeti bila miwani!"
Nikaishika chupa niisome.
Hapo nikacheka:
dawa ya wasioona, herufi za sisimizi.
Nyangeta akanisomea, taratibu, kama tangazo la msiba:
vitamini C, vitamini E, zinki, shaba.
"Yaani nimeze bati na waya," nikasema.

Daktari akaigeuza chupa mara mbili.
"Umewahi kuvuta sigara?"
Miaka ishirini, binti yangu. Porini, kufukuza mbu.
"Basi hii hapana. Ina beta-karotini,
na kifua cha mvutaji hakiitaki."
Akaniandikia nyingine, yenye luteini badala yake.
"Nayo hairudishi kilichokwenda.
La kushoto limeshavuka. La kulia bado liko njiani,
huenda likachelewa. Huenda. Siwezi kukuapia."

Huenda.
Neno hilo sijawahi kuliandika kwenye ramani.

Mashauri alinuna. Nikamkumbusha habari ya bikoni.

Pensheni yangu tuliigawa upya:
chupa moja kwa mwezi, na soda ya Jumapili ikafa.
Nyangeta hakubishana na dawa wala hakuisifu.
Alipanda matembele penye maji ya kuogea,
mchicha ndani ya ndoo zilizotoboka,
na sato akinunua Kirumba huchagua kwa kuponda mashavu,
akigombana na wauzaji kwa Kijita na Kisukuma.
Asubuhi hunielekeza kwa lugha ya kazi yangu:
"Kidonge kiko kaskazini mwa chai."

Mirabaraba nimeibandika ubavuni mwa friji.
Kila Jumatatu naziba la kushoto, nakagua la kulia,
naandika kwenye kitabu changu cha zamani cha vipimo,
kwa herufi kubwa kama za mtoto:
*Mstari wa saba, kipindo kidogo. Mpaka haujasogea.*
Jumatatu thelathini na nne sasa.
Ni kidonge? Ni matembele? Ni bahati tu ya mzee?
Safu ya maelezo naiacha wazi. Natia saini, natia tarehe.

Halafu, Nyangeta akiwa anachambua dagaa,
naziba lile zima, najifunza.
Nikimkodolea usoni, anapotea.
Basi natazama sikio lake, pale hereni inapoishia,
na pembeni, polepole, mdomo unatokea,
una jino lililovunjika mwaka ule wa El Nino.
"Unatazama nini huko?"
Sikio, namwambia.
Anacheka, na ninamwona akicheka.