Gitaa Lililotogwa

Fundi Shaame wa Limbani hakutoboa. Alitoga.
Alililaza gitaa la ami juu ya kanga iliyokunjwa mara nne,
akaupuliza ubavu, akapima kwa kidole gumba,
kisha keekee ndogo ikaingia mbaoni
na unga mwekundu ukamwagika mezani
baina ya redio zisizo na migongo
na feni ya Bi Raya, inayosubiri kapasita tangu Mfunguo Sita.

Nilifumba macho, kama mama alivyofumba
nilipotogwa mimi, kwa sindano na uzi mweusi.
"Keshatogwa," alisema Shaame. "Sasa anataka herini."
Akamvisha tundu la waya, duara, linang'aa.
Chini ya daraja la nyuzi akalaza kidude chembamba
kama njiti ya kiberiti iliyopondwa,
na betri akaifunga tumboni kwa mpira wa baiskeli.
"Huyu ana roho mbili.
Umeme ukiwepo ataita. Usipokuwepo ataongea."

Ami Masoud hakuwahi kulipiga nje ya chumba chake.
Dirisha akilirudisha, akilipiga kwa ncha za vidole,
maana upande wa pili wa ukuta alilala Bi Raya,
mjane, mwenye presha na usingizi mwepesi.
Hivyo sauti ile ilijifunza kukaa kitako,
kula kwa adabu, kutovuka kizingiti.
Mimi niliisikia kwa kulibana shavu langu mbaoni,
si kwa hewa:
kwa mfupa wa taya.

Harusi ya Zuwena, uwanja wa skuli.
Waya ukachomekwa. Spika, ndefu kama kabati la vyombo, ikakohoa.
Niligusa uzi wa nne tu, kuujaribu,
nao ukatoka mpaka barabarani,
ukapiga bati la duka la mikate, ukarudi,
ukakuta kidole changu bado kiko hewani.

Nilisogea karibu mno.
Spika na tumbo la gitaa wakashikana,
kama majirani wawili wanaorudishiana neno moja
na kila mmoja analirudisha kwa ukali zaidi,
mpaka Shaame akaja mbio kuwaamua.

Hapo nikajua: spika haina stara.
Ilitangaza kucha yangu ikikwaruza,
bangili yangu, pumzi ninayoivuta kabla ya kuhama,
na ile ng'ng'ng' ya uzi wa tatu,
pale ami alipounga shingo iliyovunjika
kwa gundi na kitambaa cha bendeji,
siri yangu mimi na marehemu,
sasa iko masikioni mwa mpiga picha,
mwa wapishi wa biriani,
mwa mtoto aliyeyaziba yake huku akicheka.

Niliikwepa. Nikaikwepa tena, nikipita uzi wa pili
kama anayezunguka nyumba ya mtu anayemdai.
Kisha vidole vikachoka na ujanja,
nikaiacha ilie.

Bi Raya akatoka moshini, upawa mkononi, unachuruzika.
"Hilo la Masoud."
Nikasema ndiyo. Nikaanza kumwomba radhi kwa kelele.
"Kelele gani, mwanangu?
Miaka kumi na tisa nikizima feni
nipate kulisikia."

Akarudi kwenye sufuria lake.
Sijui nilipiga nini baada ya hapo.

Sasa usiku nalipiga bila waya, chumbani kwa ami,
tundu la ubavuni likiwa tupu, baridi chini ya mkono wangu.
Dirisha silirudishi.
Uzi wa tatu unanung'unika kidogo, basi,
kama mtu anayehesabu fedha zake kwa siri.

Jana Shaame alinisimamisha njiani.
Kapasita imefika, anasema, wiki ya tatu hii,
feni inazunguka vizuri, haina hata mlio.
Mwenyewe hajaja kuichukua.