Vidole Vinne

Zimeni feni, naomba. Upepo unanichanganya.
Honda ya jirani iacheni ingurume,
na watoto wa chuoni wasome kwa kelele zao zote:
sauti ninayoituma haipiti njia yao.
Mitetemo laki mbili kwa sekunde moja;
labda popo wa darini ndiye atakayeshtuka.

Vichwa viwili, kimoja cha kusema, kimoja cha kusikiliza,
nimeviinamisha mbele ya ukuta wa Bi Sabiha, hapa Kiponda,
vidole vinne mbali. Sisogei zaidi.
Marehemu mamake aliandika hapa kwa mkaa
pishi za karafuu, nani kalipa, nani bado,
na chokaa imevimba kama andazi:
ukigusa, deni la mtu linaanguka.

“Hupaki ile jeli?” ananiuliza. “Mnazi Mmoja walinipaka,
baridi, tumboni, wakamwona Mundhir amekaa kitako.”

Sipaki. Na ndiyo tabu yenyewe.
Hewa na ukuta haviivi chungu kimoja.
Sauti hupiga hodi, hurudishwa,
elfu hurudishwa, moja huingia,
na hiyo moja, ikitoka tena,
imebaki chembe.
Kazi yangu ni kuiokota chembe hiyo.

Jasho linanitiririka. Naisogeza mashine shibiri kwa shibiri.
Kwenye kioo rangi zinajipanga:
buluu, pameshika;
nyekundu, pana uwazi nyuma,
chokaa na jiwe zimeachana
lakini bado zinakaa nyumba moja.

Kisha, chini ya deni la mtu aitwaye Mbwana Faki,
nyekundu yenye pembe nne.

Maradhi hayana pembe nne.

Namwita Bi Sabiha. Anatazama kioo, ukuta hautazami.
“Kidaka,” anasema.
“Mama alikiziba mwaka aliozaliwa kaka yangu,
mwaka uleule aliozikwa.”
Hakusema kina nini.

Patasi ninayo begini, naye ameiona tangu asubuhi.
“Si umeshakiona?” anasema. “Basi.”

Nikaandika katika ripoti: uwazi,
sentimita arobaini kwa thelathini, kingo zimenyooka,
si kasoro. Usijazwe.
Nilipoinua kichwa alikuwa bado amesimama pale,
mkono ameunyoosha kuelekea jina la Mbwana Faki,
vidole vinne mbali, kama mimi.
Kisha akaenda kuwasha feni.