Hodi ya Jumanne

Muuguzi wa Pasua alinitoboa kidole,
akaisoma mashine kama risiti ya duka:
sita nukta nane.
"Mama Kunda, sukari haijaingia.
Ipo mlangoni tu, inabisha."
Nikamwambia, kwetu anayebisha hukaribishwa.
Hakucheka.

Mama yangu aliikaribisha.
Ikamla kuanzia kidole gumba cha mguu.
Tulimzika kihambani Uru na viatu vyote viwili,
ingawa kimoja kilikosa kazi tangu Pasaka.

Basi Jumanne, saa nne, kuna hodi nyingine:
Anaeli na baiskeli yake,
kapu limefungwa kwa mpira wa tairi.
Mnavu ungali na umande,
figiri, karoti tatu na udongo wake,
dagaa ndani ya gazeti,
maharage ya njano,
parachichi la kungojwa siku mbili,
na dona kilo mbili, unga usiojua kujipodoa.
Haondoki mpaka nitie saini.
"Usije ukasema hukupata."

Wiki ya kwanza, naungama,
dona niliwamwagia kuku,
na parachichi nikalibadilisha kwa jirani
nikapata robo ya sukari.
Jioni ile nilikunywa chai
ambayo kijiko kinasimama chenyewe.

Alhamisi ni darasa, ukumbi wa nyuma ya kanisa,
wanawake kumi na tisa
na Bwana Kiwelu fundi redio
anayekaa karibu na mlango, tayari kukimbia.
Mwalimu Haikael, msichana wa juzi tu,
akachora sahani kwa chaki:
nusu mboga, robo wanga, robo maharage au samaki.
Mama mmoja wa Kibosho akanyoosha mkono:
"Na mtori unakaa robo ipi?"
Tulicheka mpaka madirisha yakatetemeka.
Haikael akajifuta chaki kwenye gauni,
akafikiri, akafikiri kweli, kisha:
"Mtori unakaa kwenye bakuli.
Tuanze na ukubwa wa bakuli."
Hapo ndipo nilipompenda.

Bakuli langu ni la harusi,
lina maua mekundu kwenye kitako.
Miaka thelathini nimeyatafuta maua yale kwa kijiko.
Siku hizi nayafikia mapema,
nakaa nayatazama,
tumbo likilalamika kama mpangaji aliyepandishiwa kodi.

Jumapili kulikuwa na ubatizo.
Soda zinagawiwa hata hujakaa.
Wifi yangu, kwa sauti ya kusikika meza ya tatu:
"Mchaga mzima, unafundishwa kula ndizi!"
Nikaishika chupa, baridi yake kiganjani,
nikampa mjukuu aliyekuwa magotini pangu.
Akainywa yote.
Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikijiuliza
ni mlango wa nani niliouokoa.

Mwezi wa tatu: sita nukta mbili.
"Bado ipo," akasema muuguzi,
"ila imerudi nyuma, hadi uani."
Nami uani kwangu nakujua:
kuna kuku, kuna kamba ya nguo,
kuna jiwe la kukalia
mtu akitaka kungoja.

Leo ni Jumanne. Nachambua mnavu wa juzi,
maji yanachemka bila majani.
Mnyororo wa baiskeli unalia kichochoroni,
au ni kitu kingine kinacholia.
"Hodi!"
Nakausha mikono kwa khanga.
Nauliza kwanza:
"Nani?"