Hesabu ya Mbuzi wa Keshero

Bomba la sindano, bila sindano yake,
nililiomba kwa nesi wa zahanati ya Ndosho.
Kidole kwenye tundu. Sukuma.
Kavugho anasukuma hadi ukucha unageuka mweupe:
"Mwalimu, inanisukuma na yenyewe!"
Andika hivyohivyo, namwambia.
Ujazo ukipungua, shinikizo linapanda.
Kitabu kimeitaja kanuni kwa jina la Mzungu,
Kavugho ameijua kwa kidole gumba.

Joto la asubuhi hii: nyuzi kumi na nane.
Msiniletee kumi na nane kwenye kanuni.
Ongezeni mia mbili sabini na tatu, siku zote,
maana gesi haianzi kuhesabu kwenye barafu,
inaanzia pale ambapo hakuna kinachotikisika,
na pahali hapo hajafika mtu.
"Hata Mweso?" anauliza Muhindo.
Hata Mweso. Wanacheka.

Tangu wenzetu wa Sake wahamie,
darasa lina sabini na wanne, madawati ishirini.
n imepanda, V ni ileile.
Hilo sikuliandika ubaoni. Nilifungua dirisha,
vumbi jeusi la lava likaingia kudai nafasi yake.

Kisha Tumsifu, ambaye hanyoshi mkono kamwe:
"Mwalimu, na mazuku?
Mbuzi wetu alilala shimoni Keshero,
mchana kweupe, bila jeraha."

Nachora ndoo mbili zilizo sawa.
Joto moja, shinikizo moja,
basi na idadi ya molekuli ni moja.
Hewa: ishirini na tisa.
Ile nyingine: arobaini na nne.
Ipi itakaa chini?

Anapiga hesabu kwa penseli fupi kama jino.
Anafuta. Anapiga tena.
Pembeni anachora shimo:
urefu wa mbuzi,
urefu wa mtu aliyesimama,
urefu wa mtoto wa miaka tisa
aliyepiga magoti ili afungue kamba.

"Basi siku ile mama aliponivuta kwa kola,
shati likachanika,
nami sikumsemesha wiki nzima..."

Hakumaliza.
Alipiga mistari miwili chini ya jibu, kwa rula,
kama ninavyowafundisha,
akasahau kuandika kizio.

Nimempa alama zote.