Uzi wa Candiru

Candiru hakukata uzi kwa mkasi.
Mkasi, alisema, ni wa kitambaa.
Uzi aliutia pembeni mwa mdomo, kushoto,
akauma, tk,
na sare ya shule ikawa imekwisha.
Miaka kumi na saba, baraza la duka la magodoro, Arua,
malori ya Kongo yakipita na vumbi lao;
jino lile lilikuwa chombo cha kazi kama cherehani.

Kisha likatoboka.
Akaliziba kwa karafuu, kwa tumbaku,
siku moja kwa pamba iliyochovywa petroli.
Nilimwona nikanyamaza, mimi mwanagenzi tu,
wa kupiga pasi na kukaza vifungo.
Shavu likavimba, likanywea.
“Limekufa,” akasema, kwa furaha ya mtu aliyemaliza deni.

Halikuwa limekufa. Lilikuwa limeacha mlango wazi.

Homa ikaja jioni, ikaondoka alfajiri
kama mlinzi wa zamu.
Malaria, tukasema. Kipimo kikasema hapana.
Tukanunua vidonge hata hivyo,
tena vidonge.
Wiki ya nne, yeye aliyepima viuno vya mji mzima
akaanza kujipunguzia gauni lake mwenyewe,
na chini ya kucha zake vistari vya rangi ya kutu,
vyembamba, kama nyuzi zilizonaswa.

Hospitalini, Daktari Odaru alisikiliza kifua muda mrefu
kisha akasema: “Fungua mdomo.”
Tukatazamana.
Tumemletea moyo, huyu anauliza meno!

Kwenye kioo cha mashine nikaiona vali:
vipande vya kitambaa laini
vikifunguka, vikifunga,
na pindoni mwa kimoja kitu kikipepea,
kishada, darizi isiyoagizwa na mtu.
Vijidudu vya kinywani, daktari alisema,
vilisafiri na damu, vikakuta mahali
palipokwaruzwa na homa ya utotoni,
vikatua, vikashona.
Si kila jino bovu hufika huko, akaongeza.
Hili lilijua njia.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa.
Sisi mafundi tuliipekua nguo mshono kwa mshono.

Wiki sita za sindano,
sindano zenye tundu lisilopitisha uzi.
Jino nilikabidhiwa ndani ya shashi,
jeusi, jepesi kuliko kifungo.

Amerudi. Ngazi za baraza ni mbili tu,
naye hupumzika katikati.
Vali haitakuwa mpya tena, anajua;
nguo yenye kiraka huvaliwa kwa adabu.
Mkasi mdogo unaning'inia shingoni mwake
kwa kipande cha utepe wa kupimia.

Jana nilikuwa na haraka, sare arobaini,
nikainamisha kichwa, nikatenganisha meno.

Hakusema kitu. Cherehani yake ikasimama.
Lori likapita, vumbi likatua kwenye kola nyeupe,
na mguu wake bado juu ya pedali, umetulia,
mpaka nikanyoosha mkono.