Hewa ya Januari

Masanduku yamefika leo Alkhuweir.
Chupa kumi na mbili, zimelala ndani ya sponji kama mayai.
Nje digrii arobaini na nne, kiyoyozi kinakohoa,
nami natia saini kupokea hewa.

"Watu wanatumiana hewa?" mama aliniuliza mwaka ule wa kwanza,
akichagua mchele kibarazani kwake Mabela.
"Kwani yetu ina kasoro gani?"
Ni ya Ncha ya Kaskazini, mama.
Huko usiku mmoja unakula miezi.
Akatupa kijiwe, akafikiri.
"Basi daku wanakula saa ngapi?"

Mwaka wao naujua kwa namba tu.
Gizani vitu hurundikana: moshi wa viwanda vya mbali
unaingia, unakaa, hakuna jua la kuuvunja,
kama maneno katika nyumba iliyonuniana.
Halafu Machi. Jua linachungulia kwa ubavu,
chumvi iliyolala juu ya barafu inaamka na bromini yake,
inaitafuna ozoni ya chini, siku mbili, tatu,
mpaka mstari wangu unagusa sifuri;
na zebaki, iliyokuwa ikielea haina kwao,
inaangukia theluji.
Nuru ya kwanza haiji na salamu.
Inakuja na njaa.

Lakini hii ni ya Januari, na chupa ya saba ina neno.
Hewa ukaa imeruka, kilele chembamba kama sindano.
Kanuni naijua, niliiandika mimi kwa lugha mbili:
elekeza uso kwenye upepo, bana pumzi,
fungua, hesabu, funga.
Mtu amepumua.

Lebo: tarehe ishirini na nne, saa sita mchana, giza.
Aliyejaza: M. S.
Mundhir wangu. Mwaka wa pili huu hajarudi.
Simu zake fupi: "Nipo. Baridi tu."
Mkono ule haukosei. Tangu mdogo
alikuwa akizibana pumzi zake, hata akichapwa.

Kikohozi? Kicheko? Au alimwita mtu?
Mashine haina safu ya hayo.

Nimeandika: imeharibika.
Utaratibu unataka niimwage, nisafishe kwa naitrojeni.
Saa kumi imepita, wenzangu wameondoka,
chupa ipo mezani, valvu imefungwa, imebaki nusu.

Mama kapiga simu. Leo wamekuletea nini?
Hewa, nikasema.
Akanyamaza kidogo.
"Ya nani?"