Kidole Gumba Juu ya Nambari

Fomu inauliza: nambari ya cheti cha uraia cha mdhamini.
Visanduku tisa, kila kimoja mdomo wazi.
Mdhamini ni kaka yangu Sebbi, yuko Edmonton,
aliondoka hapa na begi moja na sweta ya kuazima.

Bombo, saa tatu usiku, umeme umekatika.
Malori ya Gulu yanapita, vikombe vinatetemeka kabatini.
Nimewasha tochi ya simu moja nisome simu nyingine,
ile yenye kioo kilichopasuka Idi ya mvua.

Nambari ziko nyingi, ndilo tatizo.
Nyekundu ya pembeni juu, nilidhani ndiyo;
Sebbi akasema hapana, hiyo ni ya karatasi yenyewe.
Ndefu iliyo chini ya jina, yenye vistari, ni ya faili lake
tangu alipokuwa mgeni; ataingia nayo kaburini.
Tunayoitaka inaanza kwa herufi moja,
chini kushoto, karibu na muhuri, ndogo kama yai la chawa.

Nimeikuza picha mpaka imekuwa mchanga.
Herufi, naam. Tatu. Sifuri. Saba, au moja iliyovaa kofia.
Kisha ngozi.
Kidole gumba cha kaka yangu kimekaa juu ya tarakimu zilizobaki
kama mtu aliyekalia kiti cha wenyewe
na wala hana habari.

Nampigia. Hapokei. Kwao ni mchana,
yuko kwenye majokofu ya nyama, simu wanaziacha mlangoni.

Mama yuko mkekani na tabaga yake.
Hasuki kwa macho siku hizi, anahesabu ukindu kwa ncha za vidole.
Ya kwake tulishaijaza, ile ya Ndaga Muntu,
herufi na tarakimu kumi na nne,
na tarehe ya kuzaliwa, mosi Januari,
siku ambayo wazee wote wa mtaa wetu walizaliwa.

"Nambari," anasema, "baba yangu alikuwa nayo."
Anaitaja bila kupumua, kama mtu anayesoma Fatiha:
nambari ya babu katika jeshi la Mwingereza,
iliyogongwa kwenye kisahani cha bati.
Alirudi Burma na kisahani na mguu mmoja mzima.
Pensheni ikaulizia karatasi.
Karatasi ikaulizia nambari.
Nambari ilikuwepo. Karani ndiye hakuwepo,
akaendelea kutokuwepo hadi tulipomzika mzee.

"Iandike hiyo. Visanduku vitatosha."

Nikahesabu. Vilibaki viwili.
Na kwa dakika nzima, Mungu anisamehe,
nilishika kalamu nikitaka kuiandika.

"Basi nipe na mimi nione."
Nikampa simu, nikamwelekeza: hapa, mama, chini kushoto.
Hakuangalia chini kushoto.
"Hili kovu ni la kisu cha muhogo," alisema.
"Alilia mpaka kwa Hajati Rehani wakadhani tumefiwa."
Kimya.
"Kucha ameikata vibaya. Nani huko anamkatia?"
Ana miaka arobaini na moja, mama.
Hakunisikia. Alikuwa anaikuza picha,
sijui nani alimfundisha,
akaikuza mpaka cheti kikatoka, muhuri ukatoka, nchi ikatoka,
kioo kizima kikawa kidole,
mistari yake ikizunguka na kurudi
kama mwanzo wa tabaga, pale katikati, kabla ya rangi.

Nikamwambia hiyo tutaifuta, kesho ataleta nzuri.
Akaiweka simu chini, akaifunika kwa tabaga
kama anavyofunika gurusa zisipoe,
akaendelea kuhesabu ukindu.

Mwisho wa kupeleka fomu ni Ijumaa.
Chaji ilikuwa imebaki asilimia nne.